Faudhia na Maneno Kumi

"Nakufa na njaa mwanangu. Tangu Mfungo Mosi hakijapita kitu kwenye koo hili isipokuwa mate yangu mwenyewe. Nikifa msiseme nimerogwa, semeni nimenyimwa."

Bi Biubwa aliyasema hayo akiwa na bada kwenye kucha. Bada yenyewe, ule ugali wa muhogo, aliimaliza robo saa kabla, tonge kwa tonge, kisamvu juu yake, kisha akaipitishia kidole sahani mpaka ikawa haina haja ya kuoshwa.

Hajira binti yake ndiyo kwanza anaingia kutoka Kibaha, viatu hajavua, kwapani ana mkate na mkononi chupa ya chai. Akamgeukia wifi yake Faudhia aliyekaa kwenye kigoda anamenya mihogo.

"Wifi, unamsikia mama?"

"Namsikia."

"Unasemaje?"

"Amekula sasa hivi. Sahani hiyo hapo miguuni kwako."

"Sahani safi hiyo."

"Safi kwa sababu ameilamba."

"Kwa hiyo mama yangu siku hizi analamba sahani. Njaa imefika huko."

Faudhia akaona amejifunga goli mwenyewe. Akarudi kwenye mihogo yake. Lakini mtu anayemenya mihogo akinyamaza anaonekana ana hatia tu, maana kisu kiko mkononi na macho yako chini.

Hajira sasa akaanza kuongea kwa sauti ya kuwafikia majirani. "Mwanamke aliyewafunda wasichana wa nusu ya tarafa hii, leo anaomba chakula kama mpita njia. Na hapa ni kwa mwanawe."

"We Hajira," sauti ikatoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Dotto, jirani yao, anaanika udaga, muhogo wa kukausha. "Huyo mama yako kala sahani mbili. Ya tatu ilikuwa yangu, nikaikimbiza. Ningechelewa angeutafuna na mkono."

Watu waliokuwa wanapita wakacheka, na Hajira mwenyewe akacheka kidogo, akajifuta macho, akarudia kununa. Tabu ndiyo hiyo. Dotto ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani, basi lolote atakalolisema linapokelewa kwa kicheko. Mwezi uliopita tu alisimama msibani akatangaza kwamba marehemu kafa kwa uvivu wa kupumua. Sasa mtu kama huyo utamleta wapi akutolee ushahidi? Na ndiye peke yake aliyekuwa anaona kila siku, asubuhi, mchana na jioni, Bi Biubwa akila, akishiba, akinawa, na kabla mikono haijakauka ameshaanza kulia njaa.

Faudhia ni mtu wa Janga, Kibaha vijijini. Alikuja Maneromango kuolewa ana miaka ishirini na miwili, sasa ana hamsini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuitwa kwenye baraza lolote kwa kosa lolote, jambo ambalo kwa mwanamke anayeishi na mama mkwe ni kama kufunga Ramadhani ishirini na tisa bila kumeza mate. Mumewe Kitwana yuko Ruvu, analinda kwenye mitambo ya maji. Anayalinda maji yanayokwenda Dar, na ya nyumbani kwake anayabeba Faudhia kichwani. Anarudi mara moja kwa mwezi, Jumapili, anakula, anasifia kisamvu, anaondoka.

Bi Biubwa hakuwa mama mkwe tu. Alikuwa nyakanga, mkuu wa makungwi, na bibi arusi wa Janga alipoletwa alimtazama juu mpaka chini akasema, "Hawa wa Janga wamefunda nusu, nusu wameniachia." Akamfungia ndani siku saba akamfunda upya. Na yeye alikuwa hafundi kwa maneno makavu. Kila jambo lilikuwa na wimbo wake: wimbo wa kumpa mgeni maji, wimbo wa kumwamsha mume, wimbo wa kujibu wifi, wimbo wa kutomjibu wifi. Huo wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko yote, na Faudhia alikuwa bado anautumia.

Miaka mitatu nyuma mambo yakaanza kulegea. Kwanza Bi Biubwa akawa anatia chumvi mara mbili. Halafu akawa anamuulizia mumewe, Mzee Mwinyijuma, kwa nini anachelewa shamba, na Mzee Mwinyijuma yuko makaburini mwaka wa kumi na moja. Halafu likaja hili la kula. Faudhia hakukaa kimya. Alichora alama za mkaa ukutani, kila mlo alama moja, ili wifi akija ahesabu. Bi Biubwa akaziona, akasema nyumba imekuwa chafu, akazisugua zote. Faudhia akawa haoshi sahani mpaka jioni ziwe ushahidi. Hajira akazikuta, na kwenye mashtaka ya kunyima chakula likaongezeka la uchafu. Faudhia akampigia Kitwana simu, akamwambia, "Baba Yahya, mama anasahau." Kitwana akacheka akasema, "Mama? Mama anakumbuka mpaka rangi ya mbuzi aliyechinjwa siku ya arusi yake."

Na kweli alikuwa anakumbuka. Mbuzi alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe sikioni. Ukimuuliza ya miaka hamsini nyuma, anakueleza mpaka upepo ulivuma kutoka wapi. Ukimuuliza ya leo asubuhi, anakutazama kwa adabu, anasubiri umwambie wewe. Sasa watoto wake walikuwa wanakuja kwa saa mbili, wanauliza ya miaka hamsini, wanaondoka wanajisifu mama yetu ana akili kama wembe. Ya asubuhi alibaki nayo Faudhia.

Ndiyo maana siku Dokta Elinipa alipokuja kijijini, Faudhia alikuwa wa kwanza kufika ofisi ya kijiji, na akakaa mbele, mahali ambapo wanawake wa huko hawakai.

Dokta Elinipa ni mwanamke wa Kipare, mwembamba, sauti ya chini, kasomea ubongo mpaka ng'ambo, ofisi yake iko Kibaha. Alisimama akasema wazi kabisa. Sisi hatukuja kutibu, akasema, tumekuja kuchunguza kumbukumbu za wazee, zinavyokaa kichwani na zinavyopungua. Kijana wake Onesmo atapita nyumba hadi nyumba na kishikwambi. Atamsomea mzee maneno kumi ya kawaida, watapiga soga kidogo ya mambo mengine, kisha atamwomba ayarudie. Atakayeyapata machache ataitwa Kibaha apimwe kwa urefu zaidi, hata picha ya kichwa itapigwa.

Mkutano ulipovunjika Faudhia akamfuata kwenye gari.

"Dokta, samahani. Mtu akiwa anasahau kama amekula, kipimo chenu kitamwona?"

"Kitamwona, mama."

"Anayesahau kama amekula, lakini anamkumbuka mbuzi wa arusi yake?"

Dokta Elinipa akatabasamu. "Huyo hasa ndiye tunayemtafuta."

"Na mtaandika?"

"Tutaandika."

Faudhia alirudi nyumbani mwepesi. Hakuwa anaomba dawa, wala hakuwa anaomba wifi aje amsaidie kufua. Alichokuwa anataka ni mtu mmoja mwenye elimu, asiyekuwa mtani, aseme kwa karatasi kwamba mama huyu anaumwa na mkaza mwana huyu hanyimi mtu chakula.

Sasa Onesmo alianza na wazee wa upande wa misheni. Siku ya kwanza tu, wazee wanne waliopimwa walitoka wakakaa barazani wakaulizana, "Wewe uliulizwa nini?" Kumbe wote waliulizwa maneno yale yale: kinu, barua, mbuzi, sindano, daraja, chumvi, shoka, mkeka, radi, kofia. Jua halijatua maneno yameshavuka bonde.

Na watu wa huku mtihani wanaujua. Mtoto akifeli, ukoo mzima umefeli. Sasa itakuwaje mzee wenu afeli mbele ya mgeni wa Kibaha, tena iandikwe? Kila nyumba ikafungua darasa. Wajukuu wakawa walimu, wazee wakawa wanafunzi. Mzee Hussen alikuwa anakariri akiwa juu ya mnazi, akifika kwenye "radi" anashuka kwanza, anamaliza chini. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Waliona ni adabu. Wageni wamehangaika na barabara ile mpaka Maneromango, wamekuja na maneno yao kumi, halafu uwarudishie manne?

Habari zikamfikia Hajira kwa simu. Ijumaa akaja, karatasi mkononi, akamkalisha mama yake kwenye mkeka.

"Mama, sema kinu, barua, mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi tu mama."

"Mbuzi tu hayupo. Yuko wa mtu."

Wakaenda hivyo mpaka adhuhuri. Hajira akatoka nje kulia kidogo, akarudi na akili nyingine, maana na yeye ni binti wa nyakanga. Akayatia yale maneno kwenye ngoma ya kumtoa mwali nje, ile ambayo Bi Biubwa aliiongoza miaka arobaini. Maneno ya zamani akayatoa, akaingiza ya Dokta. Kinu na barua, mbuzi na sindano, na kadhalika, kwa kibwagizo na kupiga makofi. Bi Biubwa akanyanyua shingo kama kuku aliyesikia mtama. Mpaka Jumapili Hajira anaondoka, mama alikuwa ameshika matatu, mengine anayumba nayo.

Faudhia hakuwa na wasiwasi. Alijisemea, mtu asiyekumbuka tonge liko mdomoni atakumbuka maneno kumi? Waache wahangaike. Onesmo akija ataona mwenyewe.

Lakini wimbo ukishaingia ndani ya nyumba, nani atautoa? Jumatatu alikuwa anatwanga kisamvu, na mchi una mwendo wake, na ile ngoma mwendo wake ni huo huo. Akajikuta ameanza. *Kinu na barua.* Mchi ukashuka. *Mbuzi na sindano.* Ukashuka tena. Na kule barazani sauti ya Bi Biubwa ikaitikia, nzito, ya mtu anayejua kazi yake. Faudhia akasimamisha mchi.

"Mbona umenyamaza mwali wangu?" Bi Biubwa akasema. "Usiikate ngoma katikati. Endelea, Faudhia."

Miezi minane alikuwa hajamwita kwa jina lake. Alikuwa "wewe mama," "wewe binti," siku mbaya "wewe mtumishi wa nani." Sasa hapo ungekuwa wewe ungefanya nini? Faudhia aliendelea. Akaimba wiki nzima, akitwanga, akichambua mchele, akimwogesha bibi. Ikiwa ngoma inaendelea Bi Biubwa alikuwa anakula anashiba na hasemi kitu, na kati ya ubeti na ubeti anamwita kwa jina. Siku mbili walicheka mpaka Dotto akaja kuchungulia akauliza, "Nyie mnaoana upya?" Kwamba kuna kijana wa kishikwambi anakuja Jumatano ya wiki iliyofuata, Faudhia alikuwa anajua. Hakuwahi kuviunganisha hivyo viwili. Au labda aliviunganisha, akaona siku ya Jumatano iko mbali na mlo wa mchana uko karibu.

Jumatano Onesmo akafika. Hajira alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekuja na kanga mpya ya mama. Majirani wakajaa uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula bibi. Bibi, leo ni siku gani?"

Bi Biubwa akamtazama kwa huruma. "Umesoma mpaka umepewa hicho kioo, na hujui leo ni siku gani? Mama yako anajua uko hivi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Onesmo, mtoto wa watu, akaona haya, akagusa kioo akaruka swali. Akauliza mwaka. Bi Biubwa akasema mwaka ni ule ule, watu ndio wanabadilika. Wakacheka tena, akaruka tena. Akauliza amekula nini asubuhi. Faudhia aliyekuwa amesimama mlangoni akakaza macho.

"Huyo hapo mlangoni," Bi Biubwa akasema, "muulize yeye atakuambia nimekula nini. Ila usimuamini."

Hapo hata Onesmo alicheka. Akasoma maneno yake kumi, taratibu. Akazungumza habari za korosho dakika chache. Kisha akasema, "Haya bibi, yale maneno niliyosoma, unayakumbuka?"

Bi Biubwa akamtazama kwa adabu. Onesmo akasubiri. Hajira, pale nyuma, akapiga makofi mara moja, kidogo sana, kama mtu anayeua mbu.

Bi Biubwa akasimama. Akajifunga kanga kiunoni akaimba yote kumi, kwa mpangilio, kwa kibwagizo, akazunguka na mabega, akayarudia mara ya pili kwa wale waliochelewa. Wanawake wakapiga vigelegele. Onesmo akasimama na yeye anapiga makofi, kwa furaha akachukua kile kikaratasi cha shukrani wanachopewa wazee wote, chenye muhuri wa utafiti, akaandika nyuma yake kwa kalamu: *10/10. Hongera bibi.*

Hajira akakipokea kwa mikono miwili. Alimwangalia Faudhia, kisha akaenda kukiweka kwenye mkoba, kwenye kile kifuko cha ndani cha zipu.

Baada ya siku tatu Faudhia akamwachia Dotto nyumba, akafunga safari ya Kibaha. Ofisi aliipata kwa kuuliza. Dokta Elinipa alikuwa peke yake, mezani kuna mafaili, na sura yake haikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Faudhia akamweleza yote, wimbo, mchi, makofi ya mbu. Alipofika kwenye Mzee Hussen na mnazi, Dokta akaweka kalamu chini.

"Kumbe," akasema. "Wazee sitini nimewapima Maneromango. Arobaini na wanne wamepata kumi kwa kumi. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilishaanza kuwaandikia wenzangu barua kwamba huenda kuna kitu kwenye muhogo wenu."

Akacheka, kisha akaacha.

"Sasa Dokta," Faudhia akasema, "umeshajua. Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba mama anaumwa."

Dokta Elinipa akavuta kiti karibu. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya iwe ngumu zaidi. Akamweleza kwamba kichwani kumbukumbu hazikai pamoja. Ya asubuhi ina mahali pake, na hapo ndipo panaanza kuharibika kwanza. Ngoma mtu aliyoicheza miaka arobaini iko kwingine kabisa, ndani zaidi, inaweza kubaki hata mtu akisahau jina la mwanawe. Ukibandika maneno mapya kwenye ngoma kama hiyo, na ukayarudia kila siku, yanaweza kushika.

"Nani alikuwa anayarudia kila siku?" Dokta akauliza.

Faudhia akaangalia mikono yake.

"Mimi."

Nje malori yalikuwa yanapita barabara kuu.

"Mpimeni tena basi. Kwa maneno mengine."

"Maneno mengine lazima yapitishwe kwanza na kamati. Ni miezi. Na kamati ikipitisha, Maneromango hatutarudi, mama. Kijiji kimeshajua kipimo, majibu yake hayafai tena. Haya yote," akagusa mafaili, "nayafuta."

"Utayafuta na ya mama?"

"Na ya mama."

"Basi niandikie hivyo, kwamba ya mama yamefutwa."

"Siruhusiwi kumpa mtu majibu ya mtu mwingine. Hata kusema yamefutwa. Ningekuwa nampa yeye mwenyewe, au mtoto wake." Akafungua droo akatoa fomu. "Hii nakupa. Ni ya kumpeleka hospitali apimwe na daktari wa kutibu, siyo mimi. Asaini mtoto wake au mwenza wake."

Faudhia akaisoma pole pole kwa kidole. Kulikuwa na kisanduku cha mtoto. Kulikuwa na cha mwenza. Kulikuwa na cha ndugu wa damu. Akageuza nyuma, hakukuwa na kitu.

"Mkaza mwana hayumo."

"Hayumo."

"Na wakisaini, huko hospitali wana dawa?"

Dokta Elinipa akatikisa kichwa. "Ya kurudisha kumbukumbu, hapana. Watakusaidia namna ya kumtunza."

"Namna ya kumtunza ninayo. Sasa wewe Dokta, kama dawa hakuna, unachunguza nini?"

"Nachunguza kumbukumbu zinavyopotea."

Faudhia akaikunja fomu mara nne. "Ungekuja kwangu," akasema, bila ubaya. "Ningekuonyesha bila kishikwambi."

Jumapili iliyofuata Kitwana akarudi kutoka Ruvu, na Hajira akaja, na kikao kikaitwa. Kikao cha watu wanne: Kitwana kwenye kiti, Hajira kwenye kiti, Bi Biubwa kwenye mkeka na kanga yake mpya, na Faudhia kwenye kigoda, chini kuliko wote. Kile kikaratasi Hajira alikuwa amekipeleka stesheneri kikatiwa plastiki. Akakiweka kwenye stuli katikati yao kama mshumaa.

"Kaka, kipimo hicho. Kina muhuri. Kumi kwa kumi. Mama hasahau. Sasa kama hasahau, akisema hajala, tuelewe nini?"

Kitwana akakichukua, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akakirudisha.

"Wifi," Faudhia akasema, "ile ilikuwa ngoma. Hata wewe unajua ilikuwa ngoma. Wewe ndiye uliyeitunga."

"Nimetunga, sawa. Aliyeimba nani? Kichwa kilichoimba cha nani? Mimi nimekariri kwa niaba yake?"

Jibu la hapo hata Dokta mwenyewe alilitoa kwa nusu saa na vidole kichwani. Faudhia akatoa fomu, akaikunjua juu ya paja, akaisogeza kwa mumewe.

"Nimeenda Kibaha kwa Dokta. Hajakataa ninayoyasema. Ila mimi hanisikilizi mtu, nataka mmoja wenu asaini, mama apelekwe hospitali. Wakisema haumwi, nifukuzeni. Nitafungasha mwenyewe."

"Nisaini kwamba mama yangu mwendawazimu," Hajira akasema. "Watu wote aliowafunda wasikie nyakanga wao kapelekwa kupimwa kichwa. Ili wewe upone maneno."

"Haijaandikwa mwendawazimu."

"Haijaandikwa. Itasomwa."

Kitwana alikuwa ameshika kalamu. Faudhia akamtazama, na alikuwa na sababu ya kumtazama. Mwezi uliopita, kwenye chumba hiki hiki, Bi Biubwa alimwita Kitwana "Mwinyijuma," jina la baba yake, akamgombeza kwa kuchelewa shamba, akamwambia avue viatu. Kitwana alivua. Akakaa, akamjibu mama yake kama mume, "Mvua ilinishika njiani," akala, na alfajiri akaondoka kwenda Ruvu kabla ya siku yake. Hakulisema hilo jambo kwa mtu. Faudhia aliliona lote kutokea jikoni, na hakumuuliza, akijua siku itakayohitajika atalisema mwenyewe. Siku ndiyo hiyo.

"Baba Yahya," akasema. "Wewe unajua."

Kitwana akaiangalia kalamu. Akaiangalia fomu. Akamwangalia dada yake, aliyekuwa ameanza kulia, machozi ya kweli, maana Hajira hakuwa anaigiza, alikuwa anaogopa. Akamwangalia mama yake. Kisha akafanya kile wanaume wa ukoo ule wanachokifanya jambo likiwafika shingoni: akasafisha koo, akalirudisha kwa mkewe.

"Mama Yahya, mimi sipo hapa siku zote. Wewe ndiye unayekaa naye. Hebu tuambie wewe, hapa mbele yake mwenyewe. Mama anaumwa, au haumwi?"

Faudhia akisema anaumwa, kamtukana mama wa watu mbele ya uso wake, na kikaratasi hicho hapo kinamkana. Akisema haumwi, basi amekiri kwamba huyu mama kweli halishwi. Mumewe alikuwa anangoja. Hajira alikuwa anangoja, ncha ya mtandio kwenye pua.

Bi Biubwa naye alikuwa anamtazama, kwa ule uso mzuri anaowapa wageni. Akajisogeza kwenye mkeka, akapapasa pale alipoacha nafasi.

"Sogea hapa mwanangu," akasema. "Umekaa chini peke yako. Hawa hawajakukaribisha?"

Faudhia akasimama. Akachukua panga na kiroba nyuma ya mlango, akampitia Bi Biubwa akamfunga vizuri kanga iliyokuwa inamlegea begani, akatoka.

"Mama Yahya," Kitwana akaita. "Nimekuuliza."

Alikuwa ameshavuka ua, ameshika njia ya shamba la muhogo kuchimba wa chakula cha mama cha jioni, na Dotto, aliyekuwa kwenye udaga wake na alikuwa na la kusema, siku hiyo hakusema.